Mlezi wa Jumamosi

Katika Kinyarwanda, mtu anayefanya kazi bila malipo huitwa umukorerabushake, yaani afanyaye kazi kwa utashi wake. Kiswahili kimepita njia nyingine. Kimechukua kitenzi "toa", kikakinyambua kuwa "tolea", kisha kikatanguliza kiambishi "ji", ambacho hukirudisha kitendo kwa mtendaji mwenyewe. Anayejitolea, basi, hatoi kitu kilichomo mfukoni. Hujitoa yeye mwenyewe kwa ajili ya jambo. Kila mwaka ninapoufundisha unyambuaji huu, hakosekani mwanafunzi wa kuuliza: "Mwalimu, akishajitoa, hubaki na nini?" Darasa zima hucheka. Mimi huwa sina haraka ya kujibu, kwa sababu tangu mwaka 2019 nimekuwa nikizitoa Jumamosi zangu kwa wanafunzi wa sekondari hapa Gisenyi, na jibu langu limekuwa likibadilika.

Msomaji asiyeujua mji wetu na aufikirie hivi. Uko ukingoni mwa Ziwa Kivu, upande wa kaskazini, na ndio mji mkuu wa Wilaya ya Rubavu. Kuelekea magharibi hakuna msitu wala mto unaotutenga na Goma. Nyumba za mwisho za Rwanda na nyumba za kwanza za Kongo zinatazamana. Ndiyo maana Jumuiya ya Kiuchumi ya Nchi za Maziwa Makuu, iliyoundwa na Burundi, Rwanda na Zaire mwaka 1976, iliweka makao yake hapa. Kabla ya janga la korona, makumi ya maelfu ya watu walivuka kila siku kwa miguu katika kituo cha mpakani kiitwacho Petite Barrière, wengi wao wakiwa wanawake waliojitwika vikapu vya mboga, viazi, maziwa na nyama. Kiswahili kilikuwa kikivuka pamoja nao miaka mingi kabla Bunge la Rwanda halijakifanya lugha rasmi mwaka 2017. Watoto wetu, kwa hiyo, hukaa katikati ya lugha. Nyumbani huzungumza Kinyarwanda, darasani husoma hesabu na sayansi kwa Kiingereza, katika kipindi changu hujifunza Kiswahili sanifu, na jioni humsikia mama akimwita mteja kwa Kiswahili cha Goma, ambacho hakijawahi kufungua kitabu cha sarufi na hata hivyo hulisha familia.

Kikundi chetu hakina jina wala mhuri. Tulianza tukiwa watu sita: walimu watatu, muuguzi mmoja, na vijana wawili waliokuwa wamemaliza chuo na kusubiri ajira. Kila mmoja alipewa wanafunzi watano. Tunakutana saa tatu asubuhi katika darasa tuliloazimwa, Jumamosi zote isipokuwa ile ya mwisho wa mwezi, ambayo ni ya umuganda, kazi ya pamoja ya raia wote. Tunakaa saa mbili. Hatufundishi masomo ya ziada, ingawa daftari la hisabati halikosi kufunguliwa. Tunamsikiliza mwanafunzi, tunamsaidia kuipanga wiki yake, na tunajaribu kumpa mtu mzima mmoja ambaye si mzazi wake wala mwalimu wake wa darasa, anayeujua mwendo wake na atakayeuliza asipomwona.

Mtu huyo aitweje kwa Kiswahili? Wapo wanaosema "menta". Neno hilo halinipendezi, nami sidhani kwamba ni ukaidi wa mwalimu wa lugha tu. "Mshauri" hutoa ushauri kisha huenda zake. "Mnasihi" ni jina jema, lakini shuleni limeshakuwa cheo, na mwanafunzi akiitwa kwa mnasihi wenzake hudhani amekosa. Mimi nimechagua "mlezi". Mlezi ndiye amleaye yatima, ndiye pia mtu mzima anayekisimamia chama cha wanafunzi. Ndani ya neno lake kuna chakula, kuna kukemea, na kuna muda mrefu. Tena wanafunzi wangu hulitambua bila kufasiriwa, kwa kuwa Kinyarwanda kina umurezi, kutoka kitenzi kurera. Panapo "l" katika Kiswahili, mara nyingi jirani yake ana "r": kulala na kurara, kulia na kurira, kulea na kurera. Katika mzizi huohuo kumetoka irerero, mahali wanapolelewa watoto wadogo mchana wazazi wao wakiwa kazini. Naomba msomaji alishike neno hili la mwisho.

Machi 2020 shule zilifungwa kwa ajili ya korona, nazo hazikuanza kufunguliwa hadi Novemba. Mpaka nao ukafungwa kwa wachuuzi wa miguu. Sisi tukabaki na simu. Mwanafunzi mmoja kati ya watano wangu hakuwa na simu nyumbani, hivyo nilizungumza naye kupitia fundi cherehani wa jirani yake. Miezi ile ilinifundisha kwamba ulezi haumo katika yale tunayoyasema. Simu nyingi hazikuzidi dakika tatu: umeamka, umekula, umesoma ukurasa gani, haya, nitapiga Jumamosi. Walioendelea kupigiwa walirudi darasani. Sidai kwamba walirudi kwa sababu ya simu, maana mambo mengi humrudisha mtoto shule. Ila wazazi wawili waliniambia kwamba mtoto aliogopa kuniambia ukurasa uleule mara mbili.

Mipaka ya nchi kavu ilifunguliwa tena Machi 2022. Mji ulishangilia, nami nikashangilia nao. Wiki chache baadaye, msichana mmoja wa kidato cha tatu, hodari wa hisabati kuliko wavulana wote waliokaa meza moja naye, alianza kukosekana. Kwanza Jumatano na Ijumaa, kisha na Jumatatu. Shuleni aliandikiwa kwamba ni mgonjwa. Jumamosi alikuja, akakaa kimya, akafumua na kufuma ukingo wa sweta yake. Alikuwa amebakiza miezi minne tu kabla ya mtihani wa taifa, ule unaoamua nani ataendelea na kidato cha nne, wapi, na katika mchepuo gani.

Nilimwuliza alitaka kufanya nini kesho. Hapa pana jambo la lugha lisilopaswa kupitwa. Kinyarwanda kina neno moja, ejo, kwa siku iliyopita na kwa siku ijayo. Kitenzi ndicho kinachoonyesha ni ipi. Mtoto wa Rubavu anapojifunza "jana" na "kesho" huzichanganya kwa majuma mengi, na hilo halina ajabu. Msichana yule alijibu kwa Kiswahili: "Jana nitakaa na mtoto." Kwa kawaida ningemsahihisha. Siku ile nililiacha kosa lilivyo, kwa kuwa sentensi ilikuwa imenipa habari niliyoitafuta kwa majuma matatu. Mtoto gani?

Mdogo wake alikuwa amezaliwa katika mwaka wa kufungwa mpaka. Mama, ambaye miezi yote ile alikuwa nyumbani, sasa aliondoka alfajiri na vikapu vya mboga kwenda Goma, na kurudi jioni. Baba alikuwa mbali, na kuhusu umbali huo sitasema zaidi. Hapakuwa na mtu wa kumshika mtoto isipokuwa dada yake. Wala hapakuwa na mtu mbaya katika habari hii. Mama hakuichukia shule. Mpaka ulipofungwa familia ililala njaa, na ulipofunguliwa binti akakosa masomo.

Nilikwenda kumwona mama jioni moja pamoja na mlezi mwenzangu, yule muuguzi, kwani tuna desturi ya kutokwenda peke yetu nyumbani kwa mwanafunzi. Alitukaribisha kwa adabu, akatutandikia mkeka, akatuletea chai. Nilianza kwa Kinyarwanda. Yeye, baada ya kuambiwa kwamba mimi ni mwalimu wa Kiswahili, akaona ni heshima kunijibu kwa Kiswahili alichonacho. "Mwalimu," akasema, "mutoto akienda ku masomo, huyu mudogo atabakia na nani?" Mkaguzi wa sarufi angepiga mistari mitatu mekundu chini ya maneno yale. Mimi nilikuwa nikitafuta jibu, wala sikulipata. Katiba yetu inasema elimu ya msingi ni ya lazima na ni bure katika shule za umma. Nilikuwa nimekuja na maneno hayo ulimini, nayo yalikuwa ya kweli, ila hayakuweza kumbeba mtoto wa miezi kumi na minane mgongoni.

Jibu lilitoka kwa mwanamke aliyekuwa ameketi mlangoni akichambua maharagwe, jirani aliyekuja kuazima chumvi na kuona mazungumzo ni matamu kuliko chumvi. Alisema karibu na mpaka kuna irerero linalowapokea watoto wa wachuuzi, hata wale wasiotimiza miaka miwili, na kwamba yeye alikuwa akimpeleka mjukuu wake. Mama wa msichana alikuwa amelisikia, ila alidhani ni la wenye fedha. Wakaanza kuzungumza wao wawili kwa Kinyarwanda cha kasi, nasi wageni tukanywa chai. Siku ya Jumatatu mtoto alipelekwa. Alilia juma zima, kisha akazoea. Msichana akarudi darasani, akafanya mtihani Julai, akafaulu, akapangiwa shule ya bweni katika wilaya nyingine. Hapo mama alilazimika kutafuta godoro, sanduku na sare kwa wakati mmoja, na taabu ile ilikuwa kubwa kuliko ya kwanza. Jinsi alivyoipita anaijua yeye na chama chake cha akina mama cha kuweka akiba.

Nimelisimulia jambo hili kwa kirefu kwa sababu watu wanaotaka kujiunga nasi huniuliza mlezi hufanya nini hasa, nao hutarajia kusikia habari za hotuba. Nimehudhuria mikutano ambamo kijana aliyevaa tai huwaambia watoto mia tatu waote ndoto kubwa. Watoto hupiga makofi, kwa maana wamefundishwa adabu. Lakini msichana yule hakupungukiwa na ndoto. Alikuwa amekosa mtu wa kukaa na mdogo wake kuanzia saa kumi na mbili asubuhi, na hilo halikugunduliwa ila kwa sababu alikuwa na mahali pa kuja kila Jumamosi na kukaa kimya mbele ya mtu asiyekuwa na haraka.

Habari ya pili haikwenda hivyo. Kijana mmoja wa miaka 17 alikuwa akisinzia. Alisinzia akisoma, akiandika, na siku moja akiwa amesimama. Tulidhani ni malaria. Muuguzi wetu akampima kwa maswali, kisha akamwuliza mikono yake imefanya nini hata ikapasuka hivyo. Alikuwa akienda ziwani usiku kuvua sambaza. Msomaji aliyefika Kivu jioni ameziona mashua zile zikiondoka tatu tatu zikiwa zimeunganishwa kwa miti mirefu, na amewasikia wavuvi wakiimba huku wakipiga makasia. Wageni huzipiga picha. Taa zao zikienea majini usiku, mtu hudhani mji mwingine umejengwa ziwani. Nami nazipenda taa zile, lakini tangu siku ile huzihesabu kwa namna nyingine.

Sheria ya kazi ya mwaka 2018 inaruhusu kuajiriwa kuanzia miaka 16, lakini inakataza kazi za hatari kwa aliye chini ya miaka 18, na sidhani yupo atakayesema kuvuta wavu usiku kucha si kazi ya hatari. Sisi walezi tuligawanyika. Wengine walitaka tulipeleke jambo kwa viongozi siku ileile. Wengine walisema kijana atapoteza mapato, nyumba itapata njaa, naye hatatuambia kitu tena. Tulikubaliana kumwona kwanza msimamizi wa mashua pamoja na mama yake kijana, na kuweka wazi kwamba usiku usipokoma tutakwenda ofisi ya kata. Usiku ulikoma. Kijana akapewa kazi ya mchana ufuoni, kuanika na kuuza dagaa wale. Alilala vizuri, akanenepa, akapenda biashara, na mwishoni mwa muhula akaacha shule. Hakufukuzwa wala kukatazwa. Alitufafanulia kwa utulivu kwamba amepiga hesabu. Nilizikagua hesabu zake, nazo zilikuwa sahihi kwa mwaka mmoja na mbaya kwa miaka kumi. Nikamwambia hivyo, naye akasema amesikia. Uvuvi unapofungwa kwa msimu ili samaki wazaliane, huja Jumamosi na kitabu cha uhasibu alichonunua mwenyewe. Kitabu ni cha kidato cha nne. Hatujamwambia neno juu ya hilo.

Tunazo kanuni chache, na karibu zote zilitokana na jambo lililotushtua. Mlezi hampi mwanafunzi fedha mkononi. Akiona uhitaji, huuleta kwa kikundi. Mlezi na mwanafunzi hukaa mahali wanapoonekana, mlango ukiwa wazi. Mlezi haahidi lolote linalopita Jumamosi inayofuata. Na akiambiwa habari ya kupigwa au kudhulumiwa kimwili, haiweki siri hata akiombwa kwa machozi: iko simu ya watoto 116, na viko vituo vya Isange katika hospitali za wilaya ambako mtoto huonwa na daktari, polisi na mshauri mahali pamoja. Kanuni ya ahadi ndiyo ngumu kuliko zote. Wenye moyo mwepesi huahidi chuo kikuu kabla chai haijapoa.

Wapo wanaonilaumu wakisema kujitolea kwetu huificha kasoro, kwamba kila shule ingepaswa kuwa na mnasihi anayelipwa na mwenye nafasi. Nakubaliana nao kabisa kuhusu mnasihi, na nimesema hivyo katika kila kikao cha wazazi nilichopewa nafasi. Ila sioni kwamba mnasihi akija mimi nitaacha. Daktari akiwapo hatuachi kumtembelea mgonjwa. Tena nchi yetu ina mazoea ya kazi ya namna hii: washauri wa afya vijijini, wapatanishi waitwao abunzi, vijana wa urugerero wanaomaliza sekondari na kuitumikia jamii. (Wanafunzi wangu wa nje ya Rwanda wasichanganye urugerero huo na Rugerero, kata ya wilaya yetu. Majina ni ndugu, barua zitapotea.) Katika mazoea hayo kuna hatari moja tu ninayoiogopa, nayo ni kwamba kijana asiye na kazi hujitolea akitumaini kuajiriwa, na mwenye kuajiri hutumaini kwamba ataendelea kujitolea. Wale vijana wawili wa mwanzo waliondoka, mmoja kwenda Kigali na mwingine Kampala, na waliondoka wakiwa na madeni ya nauli za moto za kuja kwetu. Tangu hapo tunachanga nauli.

Yako pia mambo ambayo mlezi hana la kuyafanya. Usiku wa Mei 2023 mto Sebeya ulipofurika, katika mafuriko yaliyoua watu zaidi ya 130 nchini, wanafunzi wetu wawili walipoteza nyumba. Tulipeleka madaftari na tukahisi jinsi daftari lilivyo jepesi. Mwishoni mwa Januari 2025 vita vilipoingia Goma, milio ya silaha ilisikika mitaani kwetu, na risasi na makombora yaliyovuka mpaka yaliua watu katika wilaya hii. Wanafunzi kadhaa wana shangazi na binamu upande wa pili. Jumamosi iliyofuata nilidhani hatakuja mtu. Walikuja karibu wote. Hatukufungua daftari. Mmoja aliomba tucheze karata, tukacheza karata hadi saa tano, na kila simu ilipolia wote walinyamaza mpaka aliyeipokea aseme ni nani.

Kwa mwanafunzi wa Kiswahili asomaye haya mbali na hapa, ambaye huenda siku moja atakuja kujitolea katika shule ya Afrika Mashariki, nina neno la kazi. Jifunze kuuliza bila kuhoji. "Kwa nini hukuja shule?" ni sentensi sahihi, na hufunga mlango. "Nyumbani hawajambo?" huufungua. Ukiambiwa "hawajambo ila kidogo", usiseme "vizuri". Kaa chini, kwa sababu hiyo "ila" ndiyo habari yenyewe. Usiione haya lafudhi yako. Mtoto anayemsikia mtu mzima akihangaika na ngeli za nomino hupata ujasiri wa kuhangaika na Kiingereza chake.

Na yule anayeuliza, akishajitoa hubaki na nini? Mwaka huu nilimjibu kwamba nimebaki na majina thelathini na moja, na kwamba nikipita sokoni sifiki mwisho wa soko kabla ya nusu saa. Aliandika jibu hilo daftarini kana kwamba litaulizwa katika mtihani.

Jumamosi ijayo tunaanza mwaka mpya wa kikundi. Wanafunzi walioomba ni kumi na wawili, walezi walio tayari ni wanne, na mwenye darasa ametuomba tuje na ufagio wetu.